Ahmad bin Majid, mwalimu wa bahari aliyesingiziwa

Ukienda kuitazama nguzo ya Vasco da Gama pale Malindi, ni nadra kuondoka bila kusimuliwa kisa kile kile: kwamba Mreno alipofika hapa mwaka 1498 hakuijua njia ya Bara Hindi, na Mwarabu mmoja aitwaye Ahmad bin Majid akamshika mkono akampeleka. Wengine huongeza chumvi, kwamba alikuwa amenyweshwa mvinyo. Kisa hiki nimekisikia tangu darasa la nne, na juzi nimekisikia tena barazani baada ya Isha, mzee mmoja akimlaani marehemu kana kwamba ndiye aliyeutia moto mji wa Mombasa kwa mkono wake. Mimi naona tunamdhulumu mtu. Na katika kumdhulumu, tumeisahau elimu aliyotuachia, ambayo ingewafaa hata hawa vijana wetu wanaopanda Taita na kuzunguka Shimba Hills wakiwa na simu mkononi.

Ahmad bin Majid alizaliwa Julfar, upande wa Ras al-Khaimah ya leo, katika miaka ya 1430. Kwao bahari ilikuwa ni urithi. Babu yake alikuwa mwalimu wa vyombo, na baba yake pia, tena baba alitunga shairi refu la kuonyesha njia za Bahari ya Sham, ambayo kwa miamba yake ni bahari ya kuogopwa. Babu alipima, baba akasahihisha vipimo vya babu, na mwana akakaa miaka karibu 40 akivipima tena vya wote wawili. Hilo kwangu ndilo kubwa zaidi katika maisha yake. Hakukubali jambo kwa sababu limesemwa na mzee wake, na wala hakumvunjia mzee wake heshima.

Nimemwita mwalimu, na msomaji asidhani nina maana ya mwalimu wa chuoni. Katika vyombo vya zamani nahodha alikuwa na mali na amri, lakini njia ilikuwa kwa mwalimu. Yeye ndiye aliyejua siku ya kutoka, nyota ya kufuata na mahali pa kutupa bildi. Neno rubani, ambalo leo tunamwita anayeendesha ndege, nalo limetoka huko huko baharini.

Elimu hiyo aliifunga katika mashairi, kwa sababu mtu akiwa juu ya usukani usiku, upepo unavuma na maji yanaingia, hana nafasi ya kufungua kitabu. Sisi tuliolelewa kwa tenzi tunaelewa hekima hiyo bila kuambiwa. Mwaka 1462 alikamilisha shairi lake la Hawiya, beti zaidi ya 1000, zote ni kanuni za safari. Kitabu chake kikubwa cha nathari, Kitab al-Fawa'id, alikimaliza mwaka 1490, nacho kina milango 12. Humo huongea kama mtu aliyejijua. Anawataja waandishi watatu wa zamani waliokuwa wakiitwa simba wa bahari, anawasifu kwa adabu, halafu anasema kwamba wao walikusanya habari za watu na hawakusafiri sana, kisha anajihesabu mwenyewe kuwa wa nne. Unyenyekevu haukuwa katika sifa zake, tuseme kweli.

Sasa tuiangalie kazi yenyewe. Duara la upeo aliligawa pande 32, na kila upande ukapewa jina la nyota inapochomoza au inapozama. Kaskazini ni Jah, ndiyo ile nyota ya jaa ya mabaharia wetu. Mashariki ni Tair. Kilimia, yaani Thurayya, ina upande wake, na Suheli ina wake karibu na kusini. Pale nyota inapochomoza huitwa matla, na inapozama huitwa maghib. Kwa hiyo tunaposema upepo wa matlai, au tunapoita kusini suheli, tunatumia dira ya akina Ibn Majid bila kujua. Ndani ya lugha yetu dira hiyo bado ipo, ingawa wengi wetu tumesahau namna ya kuisoma.

Kujua umefika wapi kulitaka kipimo kingine. Mwalimu alinyoosha mkono akahesabu vidole kati ya upeo wa bahari na nyota. Kidole kimoja kilihesabiwa zaidi kidogo ya digrii moja na nusu. Baadaye kikaja kibao chenye uzi wenye mafundo, kamal, mtu anauma fundo kwa meno na kukisogeza kibao mpaka ukingo wake wa chini uguse bahari na wa juu uguse nyota. Kila bandari ilikuwa na idadi yake ya vidole. Ukitaka kwenda bandari fulani ya Hindi, unakwenda kaskazini au kusini mpaka vidole vitimie, kisha unageuka na kuifuata idadi hiyo hiyo mpaka nchi ionekane. Na mwendo ulipimwa kwa zam, kila zam saa 3, zam 8 kwa usiku na mchana.

Kuna mitego, naye aliijua. Zama zake nyota ya jaa haikuwa imekaa kwenye ncha ya kaskazini kama ilivyo karibu nayo leo. Ilikuwa mbali nayo kiasi cha digrii 3 na nusu, ikizunguka. Asiyeisahihisha angekosea vidole viwili au zaidi. Na ukishuka huku kwetu, chini ya mstari wa ikweta, inazama kabisa. Malindi, Mombasa, Kilwa na Sofala haionekani. Hapo mwalimu alihamia kwenye nyota nyingine za kaskazini zilizo juu zaidi, Farqadan na zile za Na'sh, akapima kwa hizo. Alitunga hata shairi maalumu la njia za Sofala na pwani yetu, na hakuna anayeweza kuniambia kwamba aliyetunga shairi hilo alikuwa mgeni wa bahari hii.

Halafu kuna ishara. Mlango mzima wa kitabu chake unahusu mambo ambayo si nyota: ndege wa aina gani anaruka karibu na nchi gani, nyoka wa baharini wanaotokea ukikaribia pwani ya Hindi, mwani, rangi ya maji, tope linalotoka na bildi, umbo la mlima ukiutazama kutoka upande huu na ule. Nyota ikizibwa na wingu, mwalimu hakuwa kipofu.

Hapa ndipo ninapowageukia wapanda milima. Wengi wamefunzwa kwa vitabu vya Ulaya, na kanuni za Ulaya si zote zinatufaa. Wanaambiwa watafute nyota ya kaskazini, nayo kwetu iko chini ya upeo. Wanaambiwa vidole 4 kati ya jua na upeo ni saa nzima kabla ya magharibi. Huko jua huzama kwa mshazari. Kwetu linashuka wima, na vidole 4 ni kama nusu saa tu. Aliye msituni akiamini saa nzima atakutwa na giza miguu yake ikiwa bado haijatoka kwenye miti. Ibn Majid angewaambia waanze na wanachokiona: zile nyota 3 za mkanda wa Jauza, ambazo huchomoza karibu kabisa na mashariki na kuzama karibu kabisa na magharibi. Na kwa kusini, watafute ule Msalaba na zile nyota 2 kali za jirani yake alizoziita Himaran, punda wawili. Msalaba ukisimama wima, teremka moja kwa moja mpaka chini, hapo ndipo kusini. Halafu wafanye kama yeye: wakumbuke umbo la kila kilima kwa kugeuka nyuma na kukitazama, maana wakati wa kurudi kilima kitaonekana kwa upande huo.

Nirudi kwenye lile singizio.

Vasco da Gama alifika Malindi katikati ya Aprili 1498, akitoka Mombasa alikoona mambo si mazuri. Mfalme wa Malindi alikuwa na ugomvi wake na Mombasa, akamkaribisha. Hata hivyo mwongozaji hakutolewa upesi. Daftari la safari la Wareno wenyewe linaeleza kwamba da Gama alimzuia chomboni mtu wa karibu wa mfalme mpaka mwongozaji akaletwa. Wakang'oa nanga tarehe 24 Aprili, mwanzo mzuri wa kusi, na tarehe 20 Mei wakawa mbele ya Calicut. Sasa, huyo mwongozaji alikuwa nani? Daftari linasema alikuwa Mkristo. Wanahistoria wa Kireno wa karne ya 16, akiwemo João de Barros, wanamwita Mgujarati, na jina wanaloliandika ni Malemo Cana. Hilo si jina la mtu. Malemo ni mu'allim, mwalimu. Cana ni neno la Kihindi la mjuzi wa nyota. Ni cheo juu ya cheo.

Jina la Ibn Majid limetoka wapi basi? Limetoka kwa Qutb al-Din al-Nahrawali, aliyeandika Makka miaka zaidi ya 70 baada ya tukio, katika kitabu cha kuwasifu Waturuki walioiteka Yemen. Yeye ndiye mwenye habari ya ulevi. Katika miaka ya 1920 mwanachuoni Mfaransa, Gabriel Ferrand, aliyekuwa akichapisha maandishi ya Ibn Majid yaliyohifadhiwa Paris, aliziunganisha habari hizo, na dunia ikazipokea. Mwaka 1957 Mrusi Theodor Shumovsky, mtu aliyepitisha miaka mingi katika kambi za Stalin, alichapisha mashairi matatu yaliyokuwa Leningrad, likiwemo lile la Sofala, naye pia akamwita Ibn Majid mwongozaji wa da Gama. Lakini soma shairi lenyewe. Wafaranji wametajwa, na mtunzi hasemi popote kwamba aliwaongoza. Mtu aliyejisifu kuwa simba wa nne, aliyehesabu kila njia aliyoipita, angeificha safari hiyo? Mwaka 1498 alikuwa mzee wa miaka zaidi ya 60. Sheikh Sultan al-Qasimi wa Sharjah ameandika kitabu kumtetea, na mimi naona ushahidi uko upande wake.

Thamani ya mwalimu Wareno waliijua waliporudi. Waliondoka Hindi mapema Oktoba 1498, kaskazi haijaingia, bila ya mtu wa kuwaambia wasubiri. Njia waliyoikata kwa siku 20 na kitu wakati wa kwenda iliwachukua karibu miezi mitatu. Watu kama 30 walikufa kwa maradhi ya fizi, na mabaharia waliobaki hawakutosha vyombo vyote, ikabidi kimoja kichomwe moto hapa hapa pwani yetu.

Shairi la mwisho la Ibn Majid lenye tarehe ni la mwaka 1500. Mwaka 1554 amiri jeshi wa Kituruki, Seydi Ali Reis, akiwa amekwama Gujarat, aliandika kitabu cha bahari hii, na sehemu kubwa aliitoa kwake na kwa Sulayman al-Mahri. Mwaka 1854 Mwingereza Richard Burton alipanda chombo Aden kuelekea Zeila, akawakuta mabaharia wakisoma Fatiha kabla ya safari kwa ajili ya Sheikh Majid. Ilikuwa imepita miaka 350, nao waliamini kwamba dira ni yeye aliyeileta.