Demetrio Stratos, Mtu Aliyeisomea Sauti Yake

Wengi wetu hudhani ya kuwa sauti ya kuimba ni kitu ambacho mtu huzaliwa nacho tu. Aliye nayo huimba, asiye nayo hukaa kimya. Leo napenda kuwaelezeni maisha ya mtu mmoja aliyekuwa na sauti nzuri tangu mwanzo, na juu ya hayo akaisomea kama mwanafunzi asiyejua kitu. Jina lake ni Demetrio Stratos.

Alizaliwa katika mji wa Aleksandria, nchi ya Misri, tarehe 22 Aprili 1945. Wazazi wake walikuwa Wagiriki. Siku zile Aleksandria ulikuwa mji wa mataifa mengi, na mtoto aliweza kusikia Kiarabu, Kigiriki, Kifaransa na Kiitaliano katika njia moja. Huko alifundishwa kupiga piano na kodiani.

Mwaka 1956 vikatokea vita vya Suez, na maisha ya wageni wengi katika Misri yakawa magumu. Mwaka uliofuata, Demetrio akiwa na umri wa miaka 12, alipelekwa kusoma Nicosia katika kisiwa cha Kipro. Hata ilipofika mwaka 1962 akahamia Milano, Italia, akaingia chuo kikuu cha ufundi kujifunza usanifu wa majengo. Basi kabla hajatimiza miaka 18 alikuwa amekwisha kuishi katika nchi tatu.

Kuimba kulimjia kwa bahati. Yeye na wanafunzi wenzake walikuwa na bendi yao, na kazi yake ilikuwa kupiga kinanda. Siku moja mwimbaji wao akapata ajali ndogo ya gari, na Demetrio akasimama mahali pake. Tangu siku hiyo hakuacha kuimba. Mwaka 1967 alijiunga na bendi ya I Ribelli, na mwaka huo huo wakatoa wimbo uitwao Pugni chiusi, yaani ngumi zilizofumbwa. Wimbo huo ulipendwa sana, na sauti yake nzito ikajulikana Italia nzima.

Mtu mwingine angalitosheka na sifa hizo. Yeye mwaka 1970 aliiacha bendi ile, akaanza kutafuta njia nyingine.

Wakati huo vijana wa Italia walikuwa wakibuni muziki mpya. Walichukua gitaa za umeme na ngoma za roki, wakazichanganya na jazi na muziki wa kale wa Ulaya, wakatunga nyimbo ndefu zenye mageuzi mengi. Milano kulikuwa na Premiata Forneria Marconi, na Roma kulikuwa na Banco del Mutuo Soccorso. Hata leo watu waliozaliwa miaka mingi baadaye wanazitafuta santuri zao na kuzishangaa. Mwaka 1972 Demetrio na mpiga ngoma Giulio Capiozzo walianzisha bendi yao, wakaiita Area. Santuri yao ya kwanza ilitoka mwaka 1973, na wimbo wake wa kwanza huanza kwa sauti ya mwanamke asemaye Kiarabu. Kisha hufuata midundo ya namna ya nchi za Balkani, ambayo ukijaribu kuifuata kwa makofi utapotea mara moja. Nadhani aliyekulia Aleksandria hakuona ajabu kuweka mataifa mengi katika wimbo mmoja.

Lakini aliyempa somo kubwa kuliko yote alikuwa mtoto mchanga. Demetrio alikuwa na binti mdogo, akamsikiliza alipokuwa bado anacheza na sauti kinywani, kabla hajajua maneno. Akaona ya kuwa mtoto anao utajiri wa sauti nyingi, na kadiri anavyojifunza kusema ndivyo nyingi katika hizo zinavyopotea. Akajiuliza kama mtu mzima aweza kuzirudia.

Basi akaanza kazi. Akajifunza uimbaji wa watu wa Asia, ambako wako watu, kama Wamongolia, wanaojua kutoa sauti mbili pamoja katika koo moja. Akaenda Padova kwa wataalamu wa fonetiki, wakaipima sauti yake kwa mitambo. Mwisho aliweza kutoa sauti mbili na zaidi kwa wakati mmoja, bila chombo chochote. Kazi hiyo inasikika katika santuri zake mbili, Metrodora ya mwaka 1976 na Cantare la voce ya mwaka 1978. Si nyimbo za kuchezea dansi. Baada ya hapo akaachana na Area ili aishughulikie sauti peke yake.

Hakupata muda. Mwaka 1979 uboho wa mifupa yake ulishindwa kutengeneza damu, akapelekwa hospitali New York. Gharama zilikuwa kubwa, na wanamuziki wa Italia wakapatana kufanya tamasha Milano tarehe 14 Juni ili wamchangie fedha. Demetrio alifariki tarehe 13 Juni, akiwa na umri wa miaka 34. Tamasha halikuvunjwa. Wenzake walipanda jukwaani kesho yake mbele ya maelfu ya watu, na muziki uliokusudiwa kumponya ukawa wa kumwaga.

Wenzangu, katika kwaya yetu wako wanaosifiwa kwa sauti, nao hawaji mazoezini kwa kuwa wanajiona wamekwisha kufika. Demetrio alisifiwa na nchi nzima, na bado akakubali kufundishwa na mtoto asiyejua kusema. Nanyi wakubwa wetu mliokwisha kupita hapa, msidhani shule imekwisha kwenu. Elimu haina mwisho, na mwenye kipawa ndiye apasaye kuitafuta zaidi.