Mama Lucy na michezo ya mafundi wa York

Kila Noeli tunaona wenzetu wakicheza habari ya Bethlehemu kanisani. Leo tunawaletea maisha ya mama mmoja aliyeokoa michezo ya namna ile: Lucy Toulmin Smith.

Alizaliwa Boston, Marekani, tarehe 21 Novemba 1838. Wazazi wake walikuwa Waingereza, na mwaka 1842 jamaa wakarudi kwao. Baba yake, Joshua, alikuwa mtu wa sheria na wa vitabu, na Lucy alimsaidia kazi tangu ujana. Chuo kikuu hakuingia. Oxford yenyewe ilianza kuwapa wanawake diploma mwaka 1920 tu!

Mwaka 1869 baba akafa maji, akiacha nusu-njia kitabu juu ya vyama vya zamani vya Uingereza. Wengi wetu tungefungia yale makaratasi sandukuni. Lucy akakimaliza, kikatoka mwaka 1870.

Basi, tuje York. Katika mji ule, tangu karne ya 14, mafundi walicheza habari za Biblia barabarani, juu ya magari, toka kuumbwa kwa dunia hadi siku ya hukumu. Kila chama na sehemu yake. Mafundi wa merikebu walijenga safina ya Noa (kama vile kwetu tungewaita mafundi wa mitumbwi wa Kindu). Wachoma mikate walicheza karamu ya mwisho. Na wafua misumari, angalieni, ndio waliomsulibisha Yesu. Mwaka 1569 ikachezwa mara ya mwisho. Tuseme kweli, Waprotestanti wenzetu ndio walioizima.

Kikabaki kitabu kimoja cha mkono, cha karne ya 15, nyumbani kwa Lord Ashburnham. Kingeungua kile, yote yangekwisha. Lucy aliomba ruhusa, akakisoma herufi kwa herufi katika Kiingereza cha kale, akaongeza maelezo. Mwaka 1885 michezo 48 ikachapwa Oxford, na kila mtu akaweza kuisoma.

Mwaka 1894 akawa mtunza maktaba wa Manchester College, ambayo, msishangae, iko Oxford. Uzee haukumzuia: kati ya 1906 na 1910 alitoa vitabu vitano vya safari za John Leland. Alifariki tarehe 18 Desemba 1911.

Mwaka 1951 watu wa York waliicheza tena, wakiifupisha sana.