Selim Bey: Mwenye bunduki aliyekataa kuwa mali ya mtu

NSAMBYA, Kampala – Mwendo mfupi kutoka kambi ya polisi ya Nsambya kipo kilima cha Old Kampala, ambako Kapteni Frederick Lugard wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki alijenga ngome Desemba 1890. Ngome alikuwa nayo, askari wa kutosha hakuwa nao. Aliwafuata hadi Kavalli, karibu na Ziwa Albert, na huko Septemba 1891 alimkuta Selim Bey.

Selim alikuwa ofisa Msudani katika jeshi la Misri, chini ya Emin Pasha. Tangu miaka ya 1820 Misri ilikuwa ikijaza vikosi vyake kwa watu waliotekwa au kununuliwa Sudani, wakavishwa sare na kupewa bunduki. Novemba 1888 Selim aliongoza ulinzi wa Dufile, kando ya Nile, akawarudisha nyuma wapiganaji wa Mahdi. Miezi mitano baadaye Henry Stanley aliondoka na Emin kuelekea pwani, Selim na watu wake wakaachwa.

Lugard alipomtaka ajiunge na Kampuni, Selim hakukubali hivi hivi. Bendera yake ilikuwa ya Khedive wa Misri, na bila ruhusa ya Khedive hakuwa tayari kuibadilisha. Lugard akaahidi kuiomba ruhusa hiyo.

Zaidi ya watu 8,000 waliondoka Kavalli. Wenye silaha walikuwa kama 600 tu. Waliobaki walikuwa wake, watoto, watumishi, na hata watumwa: waliowahi kuwa mali ya watu nao walikuwa na mali ya aina hiyo hiyo.

Mwaka 1893 Waislamu wa Buganda walidai mashamba na vyeo zaidi. Selim, Mwislamu mwenzao, aliwaonya Waingereza wasimpige kiongozi wao, Mbogo. Juni mwaka huo Kapteni James Macdonald aliwanyang'anya silaha Wasudani wa Kampala, kisha akamkamata Selim huko Port Alice, Entebbe ya leo. Akiwa mgonjwa, alipelekwa pwani chini ya ulinzi. Hakufika. Alifia Naivasha, mji ambao leo una bandari kavu na malori ya Malaba hupita kila siku.

Waingereza walibaki na askari wake, wakiwalipa ujira mdogo, tena kwa vitambaa, na mara nyingi kwa kuchelewa. Mwaka 1897, walipoamriwa safari nyingine ndefu chini ya Macdonald yuleyule, waliasi.

Huko Marekani, majimbo ya Kusini yaliyopigania utumwa yalibishana kwa muda mrefu kama yawape watumwa bunduki. Yalipitisha sheria Machi 1865, na mwezi uliofuata yakashindwa vita. Hofu yao ilikuwa ileile iliyomkuta Macdonald: anayepewa bunduki huanza kuuliza yeye ni wa nani.

Wazao wa askari hao, Wanubi, wako Bombo nchini Uganda na Kibera nchini Kenya. Katiba ya Uganda ya 1995 inawataja miongoni mwa jamii za nchi hiyo.