Georgette Heyer: Malkia wa riwaya za mapenzi na kicheko aliyeishi porini Tanganyika

RIWAYA nyingi za mapenzi huandikwa ili kumliza msomaji. Georgette Heyer, mwandishi wa Uingereza aliyefariki dunia Julai 4, 1974 akiwa na umri wa miaka 71, aliandika zake ili kumchekesha, na kwa kazi hiyo akawa mmoja wa waandishi waliosomwa mno katika lugha ya Kiingereza.

Jina lake si maarufu sana Afrika Mashariki, ingawa moja ya riwaya zake aliiandika akiwa katika ardhi ya Tanganyika, ndani ya kibanda cha matete. Kwa msomaji anayetafuta hadithi nyepesi za mapenzi ya zama za kale, zenye vituko, mizaha na mwisho mwema, ni vigumu kupata mahali pazuri zaidi pa kuanzia. Maelfu ya riwaya za mapenzi zilizoandikwa baadaye kuhusu Uingereza ya mwanzoni mwa karne ya 19 zimefuata njia aliyoichonga yeye.

Hata hivyo, nyuma ya kicheko hicho palikuwa na mwanamke aliyebeba mzigo wa familia kwa kalamu yake, na ambaye mwenyewe alivibeza vitabu vilivyompa umaarufu.

Hadithi kwa ajili ya mgonjwa

Georgette alizaliwa Agosti 16, 1902 huko Wimbledon, London, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watatu. Jina lake lilitokana na la baba yake, George Heyer, aliyekuwa mwalimu. Mama yake, Sylvia, alikuwa amesomea muziki. Nyumba yao ilikuwa ya watu wa vitabu, na mzee Heyer hakumzuia binti yake kusoma kitabu chochote alichokitaka.

Mdogo wake, Boris, alikuwa na ugonjwa wa damu kushindwa kuganda. Georgette alipokuwa na umri wa miaka 17, familia ilimpeleka kijana huyo Hastings, mji wa pwani ya kusini mwa Uingereza, ili apate nafuu. Ili kumwondolea mdogo wake uchovu wa kulala kitandani, dada alianza kumtungia hadithi ya mwungwana wa karne ya 18 aliyejitwisha kosa la mwenzake, akakimbia aibu na kugeuka mnyang'anyi wa njiani.

Baba aliisikia hadithi hiyo, akaipenda, akamhimiza binti yake aitafutie mchapishaji. Mwaka 1921 ilitoka kwa jina la The Black Moth. Mwandishi alikuwa na umri wa miaka 19 tu.

Mwaka 1925 Georgette alichumbiwa na George Ronald Rougier, mhandisi wa madini. Mwezi mmoja baadaye, furaha hiyo iliingiwa na msiba: mzee Heyer alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo. Hakuacha pensheni. Wadogo wawili, mmoja wa miaka 19 na mwingine wa miaka 14, walibaki wakimtegemea dada yao. Tangu siku hiyo, uandishi haukuwa tena burudani ya binti wa nyumba ya heshima. Ulikuwa riziki.

Georgette na Rougier walifunga ndoa Agosti mwaka huohuo. Mwaka uliofuata ilichapishwa riwaya yake These Old Shades, wakati Uingereza ikiwa imekumbwa na mgomo mkuu wa wafanyakazi. Magazeti hayakutoka kama kawaida, hivyo kitabu hakikupata tangazo wala uhakiki. Pamoja na hayo, kiliuza nakala 190,000. Kutokana na hilo mwandishi aliamini kwamba kitabu hakihitaji kupigiwa debe, na katika maisha yake yote alikataa kuhojiwa na waandishi wa habari.

Kibanda cha matete

Kazi ya mumewe ilikuwa ya kuhamahama. Rougier alipokwenda Tanganyika kutafuta madini, mkewe alimfuata mwaka 1927. Waliishi porini, katika kibanda kilichojengwa kwa matete, mbali na maktaba na maduka ya vitabu. Inasimuliwa kwamba watumishi wao walikuwa hawajapata kumwona mwanamke wa Kizungu kabla yake.

Akiwa huko aliandika The Masqueraders, iliyochapishwa mwaka 1928. Riwaya hiyo inahusu kaka na dada wanaojificha baada ya kushindwa kwa uasi wa mwaka 1745, uliokusudia kuurudisha ukoo wa Stuart kwenye kiti cha ufalme wa Uingereza. Ili wasitambuliwe, dada anavaa kama kijana wa kiume na kaka anajipamba kama bibi mrembo. Vituko vinavyofuata ni vya kuvunja mbavu: mwanamume anampenda yule anayedhaniwa kijana, na kila mlango unaobishwa unaweza kuwa wa kitanzi. Pamoja na kuandika bila marejeo yake yote, kosa la tarehe linalotajwa na wachambuzi ni moja tu, tena la tofauti ya mwaka mmoja.

Kutoka Tanganyika wawili hao walihamia Makedonia mwaka 1928. Huko Georgette alinusurika kufa baada ya daktari wa meno kumpa dawa ya ganzi isivyotakiwa. Mwaka 1929 alisisitiza warudi Uingereza. Rougier aliacha kazi, na mkewe akawa ndiye mtafutaji mkuu wa familia.

Kalamu iliyolisha familia

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kubangaiza. Kwa fedha walizokopa kwa jamaa, walinunua duka la vifaa vya michezo katika mji wa Horsham, na Boris akaishi ghorofani huku akisaidia kuuza. Mwaka 1932 walipata mtoto wao wa pekee, Richard, ambaye baadaye alikuja kuwa jaji wa Mahakama Kuu.

Katika miaka hiyo Georgette alizoea kutoa riwaya ya mapenzi na riwaya ya upelelezi karibu kila mwaka. Katika zile za upelelezi, mumewe mara nyingi ndiye aliyebuni mauaji na namna yalivyotendeka, yeye akawapa wahusika roho na maneno. Mapato yake ndiyo yaliyomwezesha Rougier kurudi darasani kusomea sheria, hadi akafuzu uwakili mwaka 1939.

Mwaka 1935 alitoa Regency Buck, riwaya yake ya kwanza katika zama zinazojulikana kwa jina la Regency. Hizo ni zama za mwaka 1811 hadi 1820, wakati mwana wa mfalme alipotawala kwa niaba ya baba yake, George III, aliyekuwa mgonjwa. Ndizo pia zama alizoishi na kuandika Jane Austen. Tofauti ni kwamba Austen aliwaandikia watu wa wakati wake, ambao hawakuhitaji kuelezwa gari la farasi likoje au ngoma huchezwaje. Heyer ilimbidi aijenge dunia hiyo upya, tofali kwa tofali.

Kwa ajili hiyo alikusanya maktaba ya vitabu zaidi ya 1,000. Aliweka kumbukumbu za mavazi, vyakula, misemo ya mitaani na bei ya mishumaa. Alipoandika An Infamous Army, iliyochapishwa mwaka 1937 kuhusu vita vya Waterloo, alinunua barua halisi ya Duke wa Wellington ili aijue vyema namna yake ya kusema.

Hiyo ndiyo siri ya kicheko chake. Mzaha hauchekeshi kama msomaji haamini dunia anamotokea mchekeshaji. Katika riwaya za Heyer, sheria za adabu ni kali kiasi kwamba msichana kupanda gari na mtu asiyefaa kunaweza kumharibia maisha. Ndiyo maana anapopanda, msomaji hucheka huku roho ikimdunda.

Vitabu vya kuanzia

Anayemsoma kwa mara ya kwanza anaweza kuanza na Cotillion ya mwaka 1953. Mzee bahili anatangaza kumwachia urithi wake binti aliyemlea, Kitty, kwa sharti kwamba aolewe na mmoja wa wajukuu wa ndugu zake. Kitty anampenda yule mzuri wa sura na mwenye maringo, ambaye hajitokezi kuposa. Anamshawishi binamu mwingine, Freddy, ajifanye mchumba wake. Freddy anajulikana kwa jambo moja tu, nalo ni kuvaa vizuri. Kila mtu humwona mpumbavu, naye mwenyewe hapingi. Lakini kila shida inapozuka, ni yeye anayejua la kufanya. Kwa kitabu hicho, Heyer aliucheka hata mtindo wake mwenyewe wa mashujaa warefu wenye macho makali.

Frederica, ya mwaka 1965, inamhusu dada mkubwa anayelea wadogo zake baada ya wazazi kufariki, na bwana tajiri mchoyo wa moyo anayejikuta akivutwa katika matatizo yao. Mbwa wa familia hiyo anafukuza ng'ombe katika bustani ya umma, na ili kuepusha balaa anapewa ukoo wa kifahari kutoka nchi za mbali. Wanaojua maisha ya mwandishi huona kirahisi dada huyo wa hadithi alikotoka.

Si kila ukurasa wake umezeeka vizuri. Katika The Grand Sophy ya mwaka 1950, inayopendwa sana kwa ujasiri wa binti Sophy, yumo mkopeshaji wa Kiyahudi aliyechorwa kwa dharau na ubaguzi, tena miaka mitano tu baada ya Vita Kuu ya Pili. Wasomaji wengi wa leo hukerwa na sehemu hiyo, na wana haki. Kwa jumla, dunia yake ni ya wenye nacho. Maskini hupita pembeni wakiwa wamebeba sinia.

Gerezani Romania

Mwaka 1944, London ikiwa bado katika vita, Heyer alitoa Friday's Child. Bwana mdogo mwenye cheo, baada ya kukataliwa na mrembo wa mji, anaapa kumwoa mwanamke wa kwanza atakayekutana naye. Anakutana na Hero, yatima aliyemfahamu tangu utotoni, na anatimiza kiapo. Hero hajui lolote kuhusu maisha ya jiji, na mumewe hajui lolote kuhusu kuwa mume. Marafiki watatu wa bwana huyo wanazidisha vurugu kila wanapojaribu kusaidia.

Miaka ilipita, ndipo mwandishi akapokea barua kutoka kwa mwanamke aliyewahi kuwa mfungwa wa kisiasa nchini Romania. Kwa miaka 12, mama huyo alikuwa akiwasimulia wafungwa wenzake riwaya hiyo kutoka kichwani, tena na tena, ili wasikate tamaa. Hawakuwa na kitabu. Walikuwa na Hero, mumewe na marafiki wake watatu wasiojua kusaidia.

Heyer alipokea barua nyingi za wasomaji. Inaelezwa kwamba hiyo ndiyo pekee aliyoihifadhi.

Aliyoyataka na aliyoyapata

Ni ajabu basi kwamba mwandishi huyo hakuzithamini sana riwaya zake za kuchekesha. Alitamani kukumbukwa kwa kitabu kikubwa cha historia ya Zama za Kati, alichokifanyia utafiti kwa miaka mingi. Kila alipokishika, kodi na madeni vilimrudisha kwenye riwaya ya mapenzi ambayo ingeuzwa haraka. Sehemu aliyoiandika ilichapishwa mwaka 1975, baada ya kifo chake, kwa jina la My Lord John.

Pamoja na kuzibeza, hakukubali zichezewe. Mwaka 1950 msomaji mmoja alimweleza kwamba mwandishi mwingine mashuhuri wa mapenzi alikuwa akichota majina na visa kutoka katika vitabu vyake. Heyer alifanya ulinganisho wa kina na kufikiria kwenda mahakamani, ingawa shauri halikufunguliwa.

Kuanzia mwaka 1942 aliishi na mumewe katikati ya London kwa jina la Bi. Rougier, na majirani wengi hawakujua ni nani. Mwaka 1966 alialikwa chakula cha mchana na Malkia Elizabeth II katika kasri la Buckingham. Alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara, na saratani ya mapafu ndiyo iliyokatisha maisha yake. Wasomaji wake wengi walilijua jina lake la ndoa kwa mara ya kwanza katika taarifa za tanzia. Mumewe alimfuata mwaka 1976.

Siku alipofariki, riwaya zake 48 zilikuwa bado zinachapishwa, ikiwamo ile ya kwanza. Mwaka 2015 kibao cha kumbukumbu kiliwekwa kwenye nyumba aliyozaliwa huko Wimbledon. Nchini Marekani hakimiliki ya The Black Moth imekwisha, na imewekwa kwenye intaneti isomwe bure. Hadithi iliyotungwa kwa ajili ya kijana mmoja mgonjwa sasa iko wazi kwa yeyote mwenye simu na saa chache za kupumzika.