Mnyampala na Ngonjera Darasani

Mwalimu anayekwenda kufundisha shule ya msingi wilayani Ngara au Biharamulo huwapokea watoto waliokwisha kujua kusema vizuri, lakini wengi wao kwa Kihangaza, Kisubi au Kisukuma. Kiswahili kwao ni lugha ya pili. Maisha ya hayati Mathias E. Mnyampala yana fundisho kubwa kwa mwalimu huyo.

Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 katika nchi ya Ugogo, Dodoma, mbali na pwani. Lugha yake ya nyumbani ilikuwa Kigogo, Kiswahili alijifunza. Alipata kuwa mwalimu, kisha karani, na baadaye hakimu, lakini kalamu hakuiweka chini. Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo, na mwaka 1963 diwani yake ya mashairi. Hivyo mtu wa bara alihesabiwa miongoni mwa malenga wakubwa, wala hakulazimika kuitupa lugha ya kwao.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Rais Nyerere alikutana na washairi mwaka 1968, akawaomba waitumie sanaa yao kuwaelimisha wananchi. Mnyampala, aliyekuwa kiongozi katika chama cha UKUTA, aliitikia kwa kutunga ngonjera: mashairi ya majibizano ambamo asiyejua huuliza na kubisha, naye ajuaye humweleza mpaka wakubaliane. Alifariki mwaka 1969, asivione vitabu viwili vya Ngonjera za UKUTA vilivyochapishwa baadaye. Watoto wa shule ndio waliozipokea ngonjera na kuzighani mbele ya wazazi na wageni.

Hapa pana tahadhari. Mtoto aweza kuighani ngonjera nzima bila kosa, asielewe ubeti hata mmoja. Tena mbishi wa ngonjera hushindwa daima, kwa kuwa mtunzi amekwisha kuamua. Basi mwalimu asiishie kwenye kukariri. Kwanza aeleze maneno magumu. Pili awabadilishe wanafunzi, mbishi wa leo awe mwelezaji wa kesho. Tatu awaache wamtafutie mbishi hoja zenye nguvu zaidi, hata kwa maneno ya kawaida kama vina vinawashinda. Mtoto ajibuye kwa maneno yake mwenyewe ameanza kukifanya Kiswahili kuwa chake, kama alivyofanya Mnyampala.