Johannes Gutenberg: Mchapishaji Asiye na Jina Kitabuni

Hakuna kitabu kinachojulikana kilichobeba jina la Johannes Gutenberg kama mchapishaji wake. Mwasisi huyu wa uchapishaji wa Ulaya alizaliwa Mainz, Ujerumani, yapata mwaka 1400. Akiwa Strasbourg aliingia ubia wa kutengeneza vioo vya kuwauzia mahujaji wa Aachen. Hija ikaahirishwa hadi 1440 kwa sababu ya tauni, na mtaji ukakwama.

Aliporejea Mainz alisubu katika kalibu herufi mojamoja za madini, zilizoweza kupangwa, kuchapwa, kupanguliwa na kupangwa upya. Kazi hiyo ilimeza fedha. Mwaka 1450 alikopa gilda 800 kwa Johann Fust, na 1452 akaongezewa 800 nyingine. Mwaka 1455, Biblia yake ya mistari 42, nakala zipatazo 180, ikiwa tayari au karibu kukamilika, Fust alimshtaki akidai mkopo pamoja na riba. Gutenberg alishindwa. Peter Schöffer, fundi wake mwenyewe, alikuwa shahidi wa Fust. Nadhani hilo lilimuuma kuliko deni. Zaburi ya 1457 ndiyo iliyokuwa ya kwanza Ulaya kuchapishwa ikiwa na tarehe na majina ya wachapishaji: Fust na Schöffer.

Mwaka 1465 Askofu Mkuu wa Mainz alimpa Gutenberg posho ya nguo, nafaka na divai. Alifariki mwaka 1468. Kanisa alimozikwa lilibomolewa baadaye, na kaburi lake likapotea.