Carhart, mzee wa masikio

Ukienda kupimwa masikio unafungiwa chumba kimya, unavalishwa hedifoni, unasikiliza milio. Poa. Lakini wewe unaishi kwenye chumba kimya kweli?

Raymond Carhart aliliona hilo mapema. Alizaliwa Mexico City mwaka 1912, akafundisha Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Vita vya Pili vya Dunia vikampeleka hospitali ya jeshi ya Deshon, Pennsylvania, kwa wanajeshi walioharibika masikio. Milio pekee haikumtosha. Aliwapima kwa maneno, hadi penye kelele, ndipo amchagulie kila mmoja kifaa cha kusikia. Si ajabu wengi humwita baba wa taaluma hii.

Mwaka 1970, yeye na Tom Tillman waliandika kwamba vipimo vya kimya havitoshi. Mtu anaweza kufaulu chumbani, watu wakianza kuongea pamoja, anapotea kabisa. Kliniki zipime hilo pia, walisema. Carhart alifariki 1975, na kliniki nyingi bado hazipimi.

Kwa hivyo nyanyako akisema anasikia sauti ila maneno hayashiki, usidhani anajifanya. Mpeleke, na uulize kama watampima penye kelele.